UZI: Kosa 1452 limeninyima usingizi, kanzidata inakataa kuunganisha maazimo na wanachama

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni macho yenu maana yangu yamechoka.

Nina mfumo wa tovuti wa kuazimisha vitabu. Ulianza miaka mingi nyuma kwa PHP tupu, na sasa nauhamishia kwenye Laravel (fremuweki ya PHP) juu ya kanzidata ya MySQL 8. Majedwali yanayonitesa ni mawili: `wanachama` ambalo ni jedwali mama, na `maazimo` ambalo ni mtoto. Kila azimo lina kolamu ya `mwanachama_id`. Nataka kuweka ufunguo wa kigeni (foreign key), yaani sharti kwamba kila `mwanachama_id` iwe ya mwanachama aliyepo, ili kanzidata yenyewe ilinde uhusiano huo, badala ya kutegemea msimbo wangu.

Jaribio la kwanza lilinipa kosa 3780, kwamba kolamu mbili haziendani. La pili, baada ya kubahatisha aina za kolamu kwenye nakala ya majaribio, likanipa hili, kwamba sharti limevunjwa:

`ERROR 1452 (23000): Cannot add or update a child row: a foreign key constraint fails`

Nimeona mahali wanashauri kuandika `SET FOREIGN_KEY_CHECKS=0` (kuzima ukaguzi wa sharti hilo) kisha kuendelea. Nikafanya hivyo kwenye nakala hiyo, sharti likaingia bila kelele. Lakini ukurasa wa orodha ya maazimo ukaanguka hapo hapo:

`Attempt to read property "jina" on null`

Sasa sielewi. Kama sharti limekubaliwa, hiyo null (yaani hakuna kitu) inatoka wapi?

---

Fundi Majedwali

Mkuu, pole. Kwanza futa hilo sharti uliloliweka huku ukaguzi umezimwa, na fanya kila kitu kwenye nakala, si kwenye seva ya watumiaji.

Ulipoandika `FOREIGN_KEY_CHECKS=0`, hukurekebisha chochote. Ulimwambia mlinzi wa getini ageuke ukutani wakati watu wanaingia. Na ubaya wake ni kwamba ukiirudisha kuwa 1, MySQL hairudi nyuma kukagua waliokwisha kuingia. Inakagua wapya tu. Kwa hiyo sasa una jedwali lenye sharti linaloonekana zuri ukilitazama, na ndani yake kuna rekodi yatima: maazimo yanayomtaja mwanachama ambaye hayupo. Ukurasa wako unamfuata huyo mwanachama, haumkuti, unapata null, halafu unaiomba null ikupe jina. Lile 1452 lilikuwa linakwambia ukweli uleule mapema, na kwa adabu zaidi.

Tupe vitu viwili: `SHOW CREATE TABLE wanachama` na `SHOW CREATE TABLE maazimo`. Bila hivyo tutakuwa tunapiga ramli.

---

Mleta uzi

Asante mkuu. Haya ni majedwali ya asili, si ile nakala niliyoibahatisha. Nimefupisha, nimebakiza yanayohusika:

```
wanachama
  id bigint unsigned NOT NULL AUTO_INCREMENT
  jina varchar(150)
  tarehe_ya_kujiunga date
  ENGINE=InnoDB

maazimo
  id int NOT NULL AUTO_INCREMENT
  mwanachama_id int NOT NULL DEFAULT '0'
  kitabu_id int NOT NULL
  tarehe_ya_kuazima date
  ENGINE=InnoDB
```

`wanachama` niliiunda upya kwa migresheni (faili la kuunda majedwali) ya Laravel, `maazimo` nimeileta kama ilivyokuwa kwenye mfumo wa zamani.

---

Fundi Majedwali

Basi 3780 imejieleza. `id` ya mama ni bigint isiyo na alama ya hasi, `mwanachama_id` ya mtoto ni int ya kawaida. InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi majedwali yako, inataka namba za pande zote mbili ziwe na ukubwa uleule na zikubaliane kuhusu alama. Hapo hata kuzima ukaguzi hakusaidii, aina zikitofautiana MySQL inakataa tu. Hili limewakuta wengi tangu Laravel 5.8 ya mwaka 2019, ambapo migresheni mpya zilianza kutumia bigint kwa `id`. Ukileta jedwali la zamani ukalifunga kwenye jipya, mnagongana.

Kama funguo zako zingekuwa za maandishi, ungekagua pia seti ya herufi na ulinganishi wake: mama ikiwa `utf8mb4_unicode_ci` na mtoto `utf8mb4_general_ci`, hazifungani.

Ukiwa na `MODIFY`, andika sifa zote za kolamu upya. Ukisahau kutaja NULL au chaguomsingi, zile za zamani zinapotea kimya kimya:

`ALTER TABLE maazimo MODIFY mwanachama_id BIGINT UNSIGNED NULL;`

Kwa nini nimeweka NULL? Naitilia shaka ile `DEFAULT '0'`. Sisemi zaidi mpaka tuone yatima. Endesha hii:

```
SELECT m.mwanachama_id, COUNT(*) AS idadi
FROM maazimo m
LEFT JOIN wanachama w ON w.id = m.mwanachama_id
WHERE w.id IS NULL
  AND m.mwanachama_id IS NOT NULL
GROUP BY m.mwanachama_id
ORDER BY idadi DESC;
```

---

Mgeni wa SQL

Samahani wakuu kuingilia kati, najifunza. Kwa nini LEFT JOIN na si JOIN ya kawaida?

---

Fundi Majedwali

Swali zuri, usiombe samahani. JOIN ya kawaida inarudisha waliopata wenzao tu, na wewe unawatafuta waliokosa. LEFT JOIN inaleta kila azimo, na pale ambapo mwanachama hakupatikana inajaza NULL upande wa kulia. Ndiyo maana tunachuja kwa `w.id IS NULL`.

---

Mleta uzi

Wakuu, nimeshika kichwa. Kati ya maazimo kama 18,000, yatima ni 312. Na tazameni:

```
mwanachama_id | idadi
            0 |   274
          611 |     5
          587 |     4
          602 |     3
          ...
```

274 zote ni sifuri! Sina mwanachama namba sifuri na sijawahi kuwa naye. Zilizobaki 38 ni namba za kawaida.

---

Mzee wa Logi

Hapo sasa mnaongea lugha yangu.

Mkuu, una magonjwa mawili tofauti yenye homa moja. Ukiyatibu kwa dawa moja utaua mgonjwa. Tuanze na sifuri.

Mfumo wako wa zamani ulikuwa PHP tupu, na naamini fomu ya kuazima ilikuwa na kisanduku cha namba ya mwanachama ambacho si lazima kujazwa. Mtu akikiacha wazi, PHP inatuma maandishi matupu, yaani `''`. MySQL ikiwa katika hali legevu, ikipewa `''` iweke kwenye kolamu ya int, inaweka 0, inaandika onyo ambalo hakuna anayelisoma, na maisha yanaendelea. Hali kali imekuwa chaguomsingi kuanzia MySQL 5.7 ya mwaka 2015, na hapo ingekukatalia. Lakini seva nyingi za zamani zilipopandishwa, watu walirudisha hali legevu kwa makusudi ili programu zao zisivunjike.

Swali langu kwako, na ulijibu kabla hujagusa rekodi hata moja: je, katika maisha halisi kulikuwa na mtu anayeruhusiwa kuchukua kitabu bila kuwa mwanachama?

---

Mleta uzi

Mzee, umenipiga butwaa. NDIYO. Wageni waliokuwa wanasomea ndani ya ukumbi walikuwa wanaandikiwa azimo la siku moja bila uanachama. Mhudumu alikuwa anaacha kile kisanduku wazi. Nimefungua fomu ya zamani, kisanduku hakina ukaguzi wowote.

---

Mzee wa Logi

Basi zile 274 hazina kosa la maana, zina kosa la uandishi tu. Zinasema «hakuna mwanachama», ila zimelisema kwa sifuri badala ya NULL. Ufunguo wa kigeni unairuhusu NULL, kwa sababu NULL haidai kumtaja mtu yeyote. Sifuri inadai kuna mwanachama namba 0, na kanzidata ina haki ya kuuliza yuko wapi.

`UPDATE maazimo SET mwanachama_id = NULL WHERE mwanachama_id = 0;`

Fanya ndani ya muamala (transaction), hesabu safu zilizoguswa, zikiwa 274 kamili ndipo uandike COMMIT kuthibitisha. Zikiwa 275, rudi nyuma ujue ile moja ni nini.

Sasa zile 38. Una skripti ya kwanza kabisa iliyounda majedwali?

---

Mleta uzi

Ninayo. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa zaidi, maana ufunguo wa kigeni ULIKUWEPO tangu mwanzo:

```
CREATE TABLE maazimo (
  ...
  FOREIGN KEY (mwanachama_id) REFERENCES wanachama (id)
) ENGINE=MyISAM;
```

Imekuwaje wanachama wafutwe huku maazimo yao yapo?

---

Mzee wa Logi

Soma neno la mwisho la skripti yako. MyISAM.

Injini ya MyISAM inalisoma sharti la FOREIGN KEY, inaona limeandikwa sawasawa kisarufi, kisha inalitupa. Haitoi kosa. Miaka yote hiyo mliamini mna mlinzi, kumbe palikuwa na kofia ya mlinzi imetundikwa ukutani. InnoDB ilikuja kuwa injini ya chaguomsingi kuanzia toleo la 5.5, lakini anayetaja MyISAM kwa jina anapewa MyISAM. Ulipoigeuza `maazimo` kuwa InnoDB wakati wa kuhama, hapakuwa na sharti lolote la kuhama nalo.

Ndiyo maana huwa nawasihi wenzangu: usiamini skripti, uliza jedwali lenyewe. `SHOW CREATE TABLE` inaonyesha kilichopo, skripti inaonyesha mlichokusudia.

---

Mchangiaji wa Njia Fupi

Mkuu, 38 kati ya 18,000 ni kitu gani? Zifute uendelee na kazi. Kuna siku tatu umeshapoteza hapa.

---

Fundi Majedwali

Ndugu, hapana, na nalisema kwa nia njema. Azimo ni kumbukumbu ya tukio: kitabu fulani kilitoka siku fulani. Kufutwa kwa mwanachama hakufanyi kitabu kiwe hakikutoka. Ukizifuta hizo 38, ripoti ya kitabu kipi kiliazimwa mara ngapi inabadilika, na kama kuna kitabu ambacho hakijarudi, umefuta ushahidi pekee uliokuwa nao.

Wala usiziweke NULL. Tumeshakubaliana kwamba NULL maana yake ni mgeni wa ukumbini. Ukichanganya «hakuwa mwanachama» na «alikuwa mwanachama tukampoteza», hakuna atakayeweza kuzitenganisha tena.

Mleta uzi, una bakapu za zamani?

---

Mleta uzi

Nimechimbua. Katika bakapu nimewapata wanachama wa rekodi 31 kati ya 38. Zilizobaki 7 hazina mwenyewe popote.

Je, niwarudishe hao kwenye `wanachama` kwa `id` zao za zamani?

---

Mzee wa Logi

Ndiyo, lakini ngoja. Kuna jambo ambalo ulizo (query) lenu la yatima haliwezi kuliona.

Yatima ni azimo ambalo mzazi wake hayupo. Je, lile ambalo mzazi wake yupo lakini SI mzazi wake? Kabla ya MySQL 8.0, InnoDB ilikuwa inaweka hesabu ya AUTO_INCREMENT (`id` zinazojiongeza zenyewe) kwenye kumbukumbu ya muda. Seva ikizimwa na kuwashwa, inaitafuta namba kubwa kuliko zote iliyopo na kuendelea kutoka hapo. Sasa fikiria: mwanachama 640 ndiye wa mwisho, anafutwa, seva inawashwa upya, anajiunga mtu mwingine, naye anapewa 640. Maazimo ya yule wa kwanza yanahamia kwa huyu wa pili bila mtu kugusa chochote. Ufunguo wa kigeni hautalalamika, LEFT JOIN haitaonyesha kitu.

Kama `wanachama` iliwahi kuwa InnoDB kwenye seva ya zamani, angalia tarehe:

```
SELECT m.id, m.mwanachama_id, m.tarehe_ya_kuazima, w.tarehe_ya_kujiunga
FROM maazimo m
JOIN wanachama w ON w.id = m.mwanachama_id
WHERE m.tarehe_ya_kuazima < w.tarehe_ya_kujiunga;
```

Mtu hawezi kuazima kabla hajajiunga.

---

Mleta uzi

Zimetoka 3. Zote za mwanachama mmoja. Alijiunga mwezi wa tano, na ana maazimo matatu ya mwezi wa pili mwaka huohuo. Nimelinganisha na bakapu: namba hiyo ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Nakiri imenitisha. Huyu mtu angeweza kudaiwa kitabu ambacho hajawahi kukishika.

---

Mzee wa Logi

Hizo tatu mpe mwenyewe wa kwanza, kwa `id` mpya, usimrudishie ile ya zamani maana ina mtu. Wale wa rekodi 31 warudishe kwa `id` zao baada ya kuhakikisha hazijachukuliwa. Zile 7, tengeneza rekodi moja ya mwanachama iitwayo «Mwanachama aliyeondolewa», zielekeze kwake, na ile namba ya awali iandike kwenye kolamu ya maelezo. Siku moja mtu anaweza kuja na kadi yake ya zamani mkononi.

---

Mgeni wa SQL

Wakuu, mimi nina tatizo linalofanana ila kosa langu ni jingine. Migresheni yangu ina `foreignId('mwanachama_id')->constrained()` na MySQL inanijibu 1824, imeshindwa kufungua jedwali `mwanachamas`. Sijawahi kuandika neno hilo mahali popote!

---

Fundi Majedwali

Hahaa, hujaliandika wewe, limeandikwa kwa niaba yako. Laravel inakisia jina la jedwali kwa kuchukua umoja na kuuongezea wingi wa Kiingereza. `Mwanachama` inakuwa `mwanachamas`, `Kitabu` inakuwa `kitabus`. Haijui kwamba wingi wetu unakaa mbele ya neno. Sisi tunaotaja majedwali kwa Kiswahili lazima tuseme wazi kila mahali:

`$table->foreignId('mwanachama_id')->constrained('wanachama');`

na ndani ya modeli (darasa la PHP linalowakilisha jedwali):

`protected $table = 'wanachama';`

Vivyo hivyo kwa majina ya uhusiano. `belongsTo` inakisia kolamu kutokana na jina la fankisheni, kwa hiyo ukiiita `msomaji()` itatafuta `msomaji_id`, na kama haipo utaona 1054 (kolamu haijulikani) au null isiyo na maelezo. Taja kolamu mwenyewe:

`return $this->belongsTo(Mwanachama::class, 'mwanachama_id');`

Django, fremuweki ya Python, haina shida hii ya wingi, inaunganisha jina la programu na jina la modeli basi.

Ukishatengeneza jina na bado 1824 ipo, tazama mpangilio wa faili. Migresheni zinaendeshwa kwa mfuatano wa tarehe zilizo kwenye majina yao. Mtoto akitangulia kuzaliwa kabla ya mama, atamtaja nani?

---

Mpimaji

Naongeza moja kwa faida ya wasomaji. Kwangu majaribio yote yalikuwa yanapita, nikipeleka kwenye seva yanavunjika. Sababu: majaribio yalikuwa yanatumia SQLite (kanzidata ndogo ya faili moja), na SQLite kwa kawaida yake haitekelezi funguo za kigeni mpaka uiwashe kwa `PRAGMA foreign_keys = ON`, tena kwa kila muunganisho. Baadhi ya fremuweki zinaiwasha zenyewe, yangu ilikuwa imezimwa kwenye usanidi. Ukitaka kujua kama umeshaharibu, `PRAGMA foreign_key_check` inakuorodheshea yatima wote.

Na walio kwenye kanzidata ya PostgreSQL wana njia nzuri ambayo naitamani kwa MySQL: unaongeza sharti kwa `NOT VALID`, rekodi mpya zinaanza kulindwa papo hapo, unasafisha za zamani kwa utulivu, kisha `VALIDATE CONSTRAINT`. Ila kumbukeni kule faharasa (index) ya kolamu ya mtoto haitengenezwi yenyewe kama InnoDB inavyofanya. Ukisahau kuiweka, kila kufuta mama kunasoma jedwali zima la mtoto.

---

Mleta uzi

MREJESHO.

Wakuu, nimefanya kama mlivyoelekeza, kwanza kwenye nakala, kisha jana usiku kwenye seva yenyewe baada ya kuchukua bakapu. 274 zimekuwa NULL. 31 zimepata wenyewe. 7 ziko kwa aliyeondolewa. 3 zimerudi kwa mwenye haki. Ulizo la yatima limerudisha rekodi sifuri, nikakaa naitazama skrini kwa muda.

Kisha:

```
ALTER TABLE maazimo
ADD CONSTRAINT fk_maazimo_mwanachama
FOREIGN KEY (mwanachama_id) REFERENCES wanachama (id)
ON DELETE RESTRICT;
```

`Query OK`. Ukaguzi ukiwa umewashwa, safari hii.

Nimechagua RESTRICT (kataa kumfuta mama mwenye watoto) na si CASCADE (mfute pamoja na watoto) kwa sababu ile aliyoitoa Fundi, historia isifutike na mtu. Ila sasa mhudumu akitaka kumwondoa mwanachama atapata 1451. Nimefikiria kutumia ufutaji laini, ile kolamu ya `deleted_at` inayoweka alama tu kwamba amefutwa. Kuna mtego?

---

Fundi Majedwali

Hongera sana mkuu, umefanya kazi ya kiungwana.

Mtego upo mmoja. Kwa ufutaji laini, mwanachama bado yupo kwenye jedwali, kwa hiyo ufunguo wa kigeni umeridhika. Lakini modeli inamficha, na ukurasa wako wa maazimo utapata null ileile uliyoanza nayo uzi huu. Katika uhusiano wa historia ongeza `withTrashed()`, ili modeli iwalete hata waliofutwa hivyo:

`return $this->belongsTo(Mwanachama::class, 'mwanachama_id')->withTrashed();`

Na kwa zile za wageni ambazo kweli ni NULL, onyesha maneno «Mgeni wa ukumbini» kwa kukagua `mwanachama_id` yenyewe. Usiweke `?->` kila mahali ili kunyamazisha ukurasa, maana siku yatima wa kweli akitokea hutamwona.

---

Mzee wa Logi

La mwisho kutoka kwangu. Faili zinazotolewa na mysqldump (zana ya bakapu ya MySQL) huanza kwa kuzima `FOREIGN_KEY_CHECKS`, ili majedwali yaweze kurejeshwa kwa mpangilio wowote. Kwa hiyo mkirejesha bakapu ya kabla ya jana usiku, yatima wote wanarudi na hakuna kosa litakalotokea. Andika tarehe ya jana juu ya bakapu yako mpya, na lile ulizo la LEFT JOIN liweke kwenye kazi ya kila usiku, likuandikie barua pepe likipata hata rekodi moja.

---

Mleta uzi

Nimeliweka. Limeendesha mara ya kwanza saa nane usiku, halikupata kitu. Shukrani zangu kwenu wote, Mgeni wa SQL ukikwama na ile migresheni andika hapa hapa, nipo.